Bawa la Monza na Bawa la Monaco

Wenzangu wengi hudhani ya kuwa mchezo wa kushindanisha motokaa katika kompyuta ni kazi ya vidole tu: mwenye vidole vyepesi hushinda, mwenye vidole vizito hubaki nyuma. Mimi sikubali. Katika mchezo uitwao F1 2020, uliotengenezwa na Codemasters wa Uingereza, nusu ya mashindano huwa imekwisha kabla hayajaanza, maana mchezaji hupewa nafasi ya kuitengeneza motokaa yake kwanza: mabawa, springi, breki, upepo wa magurudumu, na kadhalika.

Mabawa ndiyo yenye maneno mengi. Bawa la motokaa hizi ni kama la ndege lililopinduliwa. Lile huinua, hili hukandamiza chini ili magurudumu yashike lami. Katika mchezo hupimwa kwa namba, tangu 1 hata 11. Mwenye tamaa huweka 11, akidhani amepata nguvu ya bure. Kumbe bawa lile lile hushindana na hewa na kuichelewesha motokaa. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kukandamiza huzidi mara nne, na kizuizi cha hewa vivyo hivyo.

Sasa tazama Monza, katika Italia. Njia yake ni kilomita 5.793, na sehemu kubwa yake imenyoka. Mwaka 2020 Lewis Hamilton aliizunguka kwa wastani wa zaidi ya kilomita 264 kwa saa. Huko bawa kubwa ni mzigo. Mimi huweka 2 au 3. Lakini Monaco ni kilomita 3.337 tu, katikati ya nyumba, na ipo kona moja ambayo hupitwa kwa mwendo usiofika kilomita 50 kwa saa. Huko huweka 10 au 11, kwa kuwa pa kukimbilia hapapo. Hata hivyo katika kona ile ya polepole bawa halisaidii sana, maana mwendo ni mdogo. Springi laini ndizo zifanyazo kazi. Jambo hili wachezaji wengi hawalijui, nao huongeza bawa tu.

Mambo haya niliyapata wakati shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya Korona, tangu Machi 2020. Nilikaa Jinja kwa mjomba, mwenye gereji, na mwanawe aliyenizidi miaka mitatu alikuwa na kompyuta. Mwaka ule mashindano ya kweli ya Monaco hayakufanyika. Lakini sisi wawili tulishindana huko kila jioni, umeme ukiwapo.

Binamu alikuwa na mapimo mamoja kwa njia zote, 6 mbele na 6 nyuma. "Njia itanizoea," husema. Mimi nilifungua daftari: nabadili kitu kimoja tu, nazunguka mara tatu, naandika. Alinicheka sana. Siku moja tulibishana juu ya Spa, katika Ubelgiji, njia ya kilomita 7.004, ambayo mwanzo na mwisho wake hutaka bawa dogo na katikati hutaka kubwa. Mjomba alitusikia, akasimama mlangoni akijifuta mafuta mikononi. "Lori la miwa," akasema, "huongezwa vipande vya springi. Siku likienda bila mzigo, dereva hugonga kichwa juu. Mnataka springi ipendeze siku zote mbili?" Akarudi kazini. Kesho yake binamu aliomba kalamu.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022 mimi nilirudi, yeye hakurudi. Alikuwa amekwisha zoea kupata mshahara, na ada ya watu wawili ilikuwa nzito. Walimu hunisifu kwa fizikia, nami hunyamaza. Yeye hunyosha magurudumu ya teksi kwa uzi uliofungwa mbele na nyuma, na gari likitoka pale halivuti upande. Mimi kazi ile naijua kwa namba za mchezo tu.

Daftari nilimwachia. Likizo iliyopita nilililifungua, nikakuta baada ya kurasa zangu za Monza na Monaco ameandika mapimo yake: upepo wa magurudumu ya teksi yenye abiria kumi na wanne kwa njia ya Kampala, na mwingine kwa njia za shamba wakati wa mvua. Kila mstari una tarehe, na kila mara amebadili kitu kimoja tu. Katika ukurasa wa Spa alikuwa amekata 5 yangu ya bawa la nyuma, akaweka 4. Nilijaribu jioni ile, nikaona ni kweli. Ila kwa siku ya mvua bado nashika 7, naye hataki kusikia.