Maboga Yalirudi na Nyuki

Mwaka jana nilifyeka majani yote pembeni ya nyumba, nikachoma hata magogo makavu. Maboga yalichanua vizuri, lakini vitoto vyake vikakauka na kuanguka. Mama mkwe akaniuliza: “Na nyuki uliwafukuza waende wapi?”

Ua la boga hufunguka alfajiri, na saa sita limekwisha kujifunga. Pasipo nyuki wa kutoa unga kwa ua dume na kuupeleka kwa ua jike, hakuna boga.

Mwaka huu niliacha mti wa majani machungu uchanue, na gogo moja kwa nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wamerudi, pamoja na wa asali na wale wadogo wasiouma. Maboga saba yamelala chini. Mama, usifyeke yote.