Ushindi 73, lakini bila kombe



Nikitembelea familia zilizohama makwao, vijana huniuliza swali moja: "Kaka, Kuminga alicheza?" Jonathan Kuminga alizaliwa hapa Goma mwaka 2002. Mwezi Julai 2021, miezi miwili tu baada ya volkano Nyiragongo kutukimbiza usiku, ekipe ya Golden State Warriors ya Marekani ilimchukua. Wengi wetu tulianza kuifuata siku ile. Basi leo niwaeleze historia yake.

Warriors ni ekipe ya zamani. Ilianzia Philadelphia, ikatwaa kombe mwaka 1947 na 1956. Mwaka 1962 ikahamia California, ikatwaa lingine 1975. Kisha ikakaa miaka 40 mikono mitupu, mpaka 2015, Stephen Curry akiwa kiongozi uwanjani.

Msimu uliofuata waliweka rekodi. Katika mechi 82 walishinda 73, wakapoteza 9 tu. Waliipita Chicago Bulls ya Michael Jordan, iliyoshinda 72 msimu wa 1995-96. Lakini katika fainali, ambako anayetangulia kushinda mechi 4 ndiye bingwa, walikuwa mbele ya Cleveland 3 kwa 1, kisha wakapoteza 3 mfululizo. Rekodi ilibaki kwao, kombe likaenda kwa LeBron James na wenzake.

Walitwaa tena 2017 na 2018. Halafu wakaanguka. Klay Thompson aliumia goti, Kevin Durant akaondoka, Curry akavunjika mkono. Msimu wa 2019-20 walishinda 15, wakapoteza 50: wa mwisho katika shampiona nzima. Ni ekipe ileile ya ushindi 73. Hata hivyo, Juni 2022 waliifunga Boston 4 kwa 2, wakawa mabingwa tena. Kati yao alikuwemo mtoto wa Goma, mwenye miaka 19.

Kuna wanaoniambia kwamba habari za basketi ni kupotezea muda watu wenye njaa. Nimeliwaza sana neno hilo. Ni kweli, kombe la California halijazi sufuria, wala halifungui barabara ya kurudi shambani. Na sitawadanganya kwamba vita ni kama mechi. Mchezaji akishindwa, jioni anarudi kulala kwake. Wewe uliyekimbia na godoro kichwani, hukupoteza mchezo wowote, ulinyang'anywa.

Lakini nimeona kitu. Jina la Goma likisikika redioni, watu hunyamaza na kuinua sauti ya redio, kwa sababu wanataka kujua barabara gani imefungwa na nani amekufa. Siku nyingine jina hilohilo linasikika kwa sababu ya kijana aliyefunga pointi. Siku hiyo watoto hawamtazami mama kwa hofu. Wanauliza tu: ngapi?

Kwa hiyo nitaendelea kusoma matokeo, dakika mbili, baada ya habari za usalama na bei ya unga. Anayetaka kunilaumu, anilaumu. Na wewe mwenye redio, mpe jirani nafasi naye asikie.