Nyumbu Wanapita Robanda

Mwezi wa Juni nilisafiri kutoka Tarime kwenda Robanda, wilaya ya Serengeti. Mimi ni Bwana Shamba. Nilikwenda kwa kazi ya mahindi, lakini nilirudi na habari za nyumbu.

Gari lilipita Nyamwaga na Nyamongo. Kisha tukavuka Mto Mara darajani. Mto huu hutoka Kenya, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, halafu huingia Ziwa Viktoria. Nililala Mugumu. Asubuhi niliendelea mpaka Robanda, karibu na mpaka wa hifadhi.

Nyumbu walikuwa wamefika. Mzee mmoja alinipeleka pembeni mwa shamba lake. Mbuga yote ilikuwa nyeusi kwa nyumbu.

Mzee akasema, "Mtoto wa ndugu yangu yuko gerezani. Alitega nyaya. Nyama tulikula siku mbili. Watoto wake wanne ninawalisha mimi."

Halafu akanionyesha mahindi yaliyolala chini. Tembo waliingia usiku. "Mnyama akila mahindi yangu, yuko huru. Mimi nikimla mnyama, ninafungwa. Hiyo ni haki, mwanangu?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito. Mzee ana uchungu wa kweli. Lakini tuutazame vizuri mtego wa waya.

Nyumbu huzaa mwezi wa Januari hadi Machi, huko kusini mwa Serengeti. Wanapofika kwetu Juni, ndama bado wananyonya. Waya hauchagui. Ukimkamata mama, ndama naye anaweza kufa. Tena mtego ukisahaulika, mnyama huozea porini, hakuna anayemla.

Leseni ya kuwinda ni tofauti. Inataja aina ya mnyama, idadi yake, eneo na msimu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna uwindaji hata kidogo. Anayetaka leseni aulize kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya kabla ya kushika silaha.

Nilimweleza mzee jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama laki mbili na nusu tu. Ugonjwa wa sotoka uliwaua sana. Ng'ombe wetu walipochanjwa, sotoka ilikwisha kwa nyumbu pia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walipita milioni moja. Wafugaji waliopeleka ng'ombe kwenye sindano ndio waliosaidia kuwaongeza nyumbu. Basi nyumbu hawa ni mali yetu pia.

Mali hiyo inaweza kuleta fedha halali. Vijiji vitano vya Serengeti, Robanda kikiwa kimoja, vina eneo lao la uhifadhi. Linaitwa Ikona, na lilianza kisheria mwaka 2006. Watalii hulipa, na sehemu ya fedha hurudi vijijini. Mwanakijiji anayo haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji: fedha ngapi zimeingia, na zimefanya kazi gani?

Na tembo je? Wakila shamba lako, toa taarifa ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo. Usivune kabla hasara haijapimwa. Serikali ina kifuta jasho kwa mazao, ingawa hakilingani na hasara yote. Kwa kinga, zungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu na pilipili ya unga. Tembo huchukia harufu hiyo. Mvua ikinyesha, paka tena.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Pilipili kiasi gani?"

Tulikaa chini ya mti tukapiga hesabu ya pilipili, kamba na vitambaa. Watoto wale wanne walikuja wakatuzunguka. Mkubwa wao ndiye aliyetuandikia hesabu hiyo katika daftari lake la shule.