Moyo Mbio, Mate Mdomoni

Mimi ni mama mkulima wa tumbaku, Urambo, mkoani Tabora. Msimu kwa msimu, nikichuma majani yaliyolowa umande, jioni nilikuwa mgonjwa: kichwa kinagonga, kizunguzungu, natapika, tumbo linanyonga. Kilichonitisha zaidi ni moyo kwenda mbio na jasho kunitiririka huku mdomo ukijaa mate. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Majirani wakanong'ona kwamba nimelogwa.

Mganga mmoja wa zahanati ndiye aliyeuliza, "Mama, leo umeshika nini?" Nikamwambia tumbaku mbichi. Akanifundisha jambo lililobadilisha maisha yangu.

Nikotini ya jani bichi huyeyuka katika umande, mvua au jasho, ikapenya ngozi hadi kwenye damu, hata kama hujawahi kuvuta sigara. Moyo, tumbo, jasho na mate huendeshwa na neva zisizongoja amri yetu. Upande mmoja wa neva hizo huandaa mwili kwa purukushani; mwingine huutuliza na kuusagisha chakula. Pande zote mbili hupitia vifundo, ambamo neva hupokezana taarifa kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Nikotini hushika vipokezi vya kemikali hiyo, ikaziamsha pande zote kwa pamoja. Ndiyo maana moyo wangu ulikimbia na mate yakanijaa kwa wakati mmoja. Tezi zilizo juu ya figo nazo humwaga adrenalini. Nikotini ikizidi sana, vipokezi huacha kuitikia na mwili hulegea. Mwaka 1889, huko Cambridge, mtafiti John Langley na mwenzake Dickinson walipaka nikotini kwenye vifundo vya wanyama, taarifa zikakatika. Kwa njia hiyo wakatambua neva zipi hupitia kifundo kipi.

Sasa nangoja umande ukauke ndipo nichume. Mvua ikinyesha navaa koti la mvua na glavu. Nguo ikilowa naibadilisha, kisha naoga kwa sabuni. Kutapika kumekoma, na wanangu hawachumi tena.

Wakulima wenzangu, msiwatume watoto kwenye majani mabichi: miili yao ni midogo, na sumu kidogo tu huwatosha. Nanyi waganga, malaria isipoonekana wakati wa mavuno, muulizeni mgonjwa ameshika nini.