Nusu Iliyo Chungu

Jumatatu, 4 Machi 2024

Hakuna kitu. Nakshi za dhahabu za kushoto, nakshi za kulia, kilele cha mwanga kimesogea sawasawa kote. Yaani dhahabu imehisi kuna dawa, haijahisi ni pacha yupi kati ya wawili wanaotazamana kama kiooni. Mimi nataka mkono! Kushoto ama kulia.

Molekuli yenyewe ndogo mno. Wimbi la mwanga lina nanomita mia kadhaa, yeye hafiki hata mbili. Linampita bila kuhisi alivyojipinda. Ndiyo kazi ya hizi nakshi za mikono minne, kuusokota mwanga zaidi palepale juu ya uso. Watafiti wa Glasgow walifanikiwa 2010, ila kwa protini. Triptofani, iliyo ndogo, iliwapa tofauti kiduchu. Sasa prazikwanteli yangu, dawa ya kichocho?

Jumatano, 6 Machi

Mama kapiga simu kutoka Sengerema. Shuleni wamegawa dawa ya kichocho, mjukuu wake kaitema. "Chungu kama shubiri, mwanangu. Ningemlaumu vipi?"

Asilaumiwe. Nusu ya kushoto ya dawa ndiyo inayoua minyoo. Ya kulia haiui kitu, tena ndiyo iliyozidi uchungu. Kidonge cha miligramu 600, mtoto anameza 300 za bure! Nimekasirika kutwa.

Kipo kidonge kipya cha watoto wadogo, cha kushoto peke yake, miligramu 150. Desemba wakala wa dawa wa Ulaya ulikiunga mkono. Lakini kikifika kule kwetu, nani atapima kuona kama kweli ni cha kushoto kitupu? Mashine ya maabara kubwa haiendi zahanati. Kisahani changu cha nakshi, cha ukubwa wa ukucha, kingeenda. Sijalala vizuri kwa sababu ya hicho kisahani.

Ijumaa, 8 Machi

Imegeuka! Imegeuka!

Dawa ya kushoto: nakshi za kushoto zimesogea zaidi. Nikaosha, nikaweka ya kulia, zikasogea zaidi za kulia. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, sawa kwa sawa. Misalaba iliyonyooka, isiyo na mkono, imesogea sawa kwa dawa zote. Tofauti ni chini ya nanomita moja. Iwe hata chini ya hapo, mradi inageuka. Nimepiga kelele hadi mlinzi kaja.

Jumamosi, 9 Machi

Furaha ipo, na woga. Je, kama ni unene wa utando tu? Hapana, unene haungegeuka na dawa. Lakini sahani ni moja. Jumatatu naomba mpya. Nusu kwa nusu kwanza, halafu 90 kwa 10, halafu 99 kwa 1. Kidonge halisi, na wanga wake wote, baada ya hapo. Mama sijamwambia bado.