Matembele ya nyuma ya bafu

Mwezi huu siwapeleki mbali. Tunabaki hapa hapa Nyarugusu, kambi ambayo iko Kasulu tangu 1996, ila tutoke kidogo kwenye zoni yetu.

Nilitembea karibu saa moja kumfuata mama mmoja mzee, mtu wa Fizi. Kiangazi hiki njia ni vumbi jekundu tupu, lakini ukifika kwake unakuta tuta la kijani nyuma ya bafu. Maji ya kuogea yote yanaishia hapo. Tuta lenyewe halizidi mkeka wa watu wawili, na wajukuu sita wanapata mboga humo.

Niseme ukweli, ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza alinikatia marando kumi, yakanifia yote. Nikarudi na aibu yangu.

"Uliyapanda saa ngapi, mwalimu?"

"Saa sita, mama."

"Saa sita! Na wewe ukikatwa miguu ukasimamishwa juani saa sita, utapona?"

Wajukuu walicheka, nami nikacheka, nifanye nini? Nilidhani atanikatalia. Akachukua kisu.

Alichagua ncha za marando yenye afya, yasiyo na majani yaliyojikunja, akakata kila moja kama urefu wa rula ya shuleni, sm 30. Akanyofoa majani ya chini, akaacha machache juu, maana majani yanakunywa maji na mizizi bado haipo. Akayafunga kwa kitambaa kibichi. "Weka kivulini siku mbili. Leo usipande!" Kumbe ndipo nilipokosea. Mizizi inatokea kwenye vifundo, na siku hizo mbili inaanza kuchomoza kama vipele vyeupe. Ndipo unapanda, jioni, vifundo vitatu au vinne viingie udongoni, unakandamiza kwa mikono, unamwagilia.

Mihogo ni habari nyingine, aliniambia akinisindikiza. Huko unataka shina gumu la mti uliokomaa, sm 20 mpaka 25, macho yatazame juu. Na usikate kwenye mti wenye batobato hata ukipewa bure, ugonjwa unasafiri na kipando.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Katika marando kumi, saba yametoa jani jipya. Moja kuku wa jirani amelifukua, hayo tutayamaliza wenyewe. Yakishatambaa, ya kwanza kukatwa nampelekea mama, maana tuta lake nimeliacha na upara.