LIKIZO YETU KISIWANI CHOLE

Wanafunzi wenzangu wengi wakisikia neno Mafia hudhani ni jina la majambazi wa Ulaya. Basi kwanza niseme kwamba Mafia nitakayoieleza hapa ni kisiwa cha kwetu, wilaya mojawapo ya Mkoa wa Pwani, nacho kimelala baharini mkabala wa midomo ya mto Rufiji. Kusini-mashariki yake viko visiwa vidogo, Chole, Juani na Jibondo. Bibi yangu mzaa baba anakaa Chole, na mwezi wa Desemba uliopita tulikwenda kwake sisi sote watano: Baba, Mama, dada yangu, mdogo wetu na mimi. Sisi watoto tuliambiwa kwamba tunakwenda kupumzika. Lakini usiku mmoja nilikuwa nimemsikia Baba akimwambia Mama kwamba safari hii hatarudi bara bila ya mama yake, maana macho yake yamekwisha kuingia ukungu, na mtu asiyeona hawezi kukaa peke yake kisiwani.

Safari ya basi sina haja ya kuieleza, maana vumbi ni vumbi. Pale Nyamisati tulipanda boti. Kwanza ilipita polepole katika mkono wa mto, mikoko kulia na kushoto, maji rangi ya chai ya maziwa. Hata tulipotokea baharini maji yakageuka kuwa ya buluu, na upepo wa kaskazi ukaanza kututikisa. Mama, ambaye ni mtu wa milima ya Uluguru, alitapika tangu hapo mpaka Kilindoni. Dada alicheka, kisha naye akatapika.

Kutoka Kilindoni tulichukua gari mpaka Utende, na kutoka Utende mashua ikatuvusha mpaka Chole. Kisiwa hiki hakina gari hata moja. Ni njia za miguu tu, chini ya miembe na michungwa. Lakini msikidharau, kwani zamani Wajerumani walikifanya makao ya serikali yao ya Mafia, mpaka mwaka 1913 walipohamia Kilindoni kwenye kina cha maji kinachofaa meli kubwa. Majumba yao ya mawe yangaliko, ila yamekuwa magofu, na mizizi ya miti imeyakumbatia kuta hata huwezi kujua kama mti unaushikilia ukuta au unaubomoa.

Bibi alikuwa amekaa barazani akisuka ukili. Tukamwamkia, “Shikamoo, Bibi.” Akaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu,” kisha akatuita mmoja mmoja, akatupapasa nyuso. Mimi akanishika masikio, akasema, “Huyu ni yule yule.” Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani.

Usiku ule ule Baba akatoa neno lake. Alisema kwa adabu, akaeleza habari za hospitali na za chumba alichokwisha kumtayarishia. Bibi hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, “Haya, mwanangu, nimesikia. Kwanza watoto watembee.”

Basi tukatembea. Jioni tulitazama popo wa Chole, ambao ni wakubwa kama kunguru na nyuso zao mfano wa mbwa. Mchana hulala wakining’inia matawini kwa mamia, wakigombana kwa kelele. Jua likitua huruka wote kuvuka maji kwenda kula matunda katika kisiwa kikubwa. Niliona wengine wakishuka na kugusa bahari kwa vifua vyao, kisha wakapanda tena. Watu wa huko hawawaui, ingawa ni wezi wa maembe.

Siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana, tulivuka kwa miguu mpaka Juani kumwamkia ndugu yake Bibi. Njia yenyewe ni tope, mawe na vidimbwi, na mwenye kuchelewa hukutwa na maji yanayojaa. Baba alimshika Bibi mkono. Lakini ukitazama vizuri ungeona ni nani aliyemwongoza mwenzake, maana Bibi ndiye aliyekuwa akisema, “Hapa pita kushoto, pana shimo.” Nami nilimwona Baba akipita kushoto.

Huko Juani ndiko uliko mji wa Kua, ambao sasa ni magofu ya misikiti na nyumba kubwa katikati ya mwitu. Wasakalava kutoka Bukini waliuvamia katika miaka ya 1820, wakaua watu na kuwachukua wengine utumwani. Lakini wenyeji husimulia kisa kingine cha kale. Watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, waliwaalika watoto wa Kua karamuni, wakawalaza chini na kushusha jahazi jipya juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka mingi. Kisha wakaalika Kisimani harusini, wakawaingiza wageni katika chumba cha chini ya ardhi, wakaziba mlango. Bibi alitusimulia kisa hiki usiku, na mdogo wetu akakataa kulala karibu na mlango.

Siku nyingine mvuvi mmoja, rafiki wa Baba tangu utoto, alitupeleka Kilindoni kutazama papa potwe. Samaki huyu aweza kupita urefu wa mita 12, na mgongo wake una madoa meupe kama nyota, lakini chakula chake ni vidudu vya maji na samaki wadogo kabisa. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu wake ukiisha, kuanzia Machi hivi, huenda zake mbali. Mwaka 2015 wataalamu waliokuwa wamewatia baadhi yao vyombo vya kuwafuatia wakatangaza kwamba wengi huwa hawaondoki. Hushuka chini zaidi na kusogea mbali na pwani, basi watu hawawaoni.

Siku mbili kabla ya kurudi, Bibi alimwita Baba shambani, nasi tukafuata. Alikwenda mnazi hata mnazi akipapasa magogo, akitaja kila mmoja ulipandwa alipozaliwa nani. Alipofika kwenye mmoja mrefu uliopinda akasema, “Huu wako. Ulipinda mwaka uliokwenda bara.” Baba hakujibu. Nikauliza kama nami ninao, ingawa nilizaliwa Morogoro. Akasema aliupanda siku alipoletewa habari zangu, ukaliwa na chonga. Akapanda mwingine, nao ukaliwa. Wa tatu ndio huu, akanionyesha, mfupi kuliko wenziwe wote. Dada alicheka tena.

Ndipo Bibi akasema neno lake. Atakuja bara kutibiwa macho, lakini si kuhama. Kaskazi nyingine ikivuma awe barazani pake. Baba akasema, “Mama, tutaona.” Bibi akasema, “Mimi ndiye nitakayeona, ndiyo sababu nakwenda.”

Ninapoandika haya Bibi yupo nyumbani kwetu Morogoro. Daktari amekwisha kumwondolea mtoto wa jicho la kulia, na la kushoto litafuata mwezi ujao. Baba amemnunulia kitanda kipya na hasemi habari za boti. Bibi naye amemwagiza mtu miyaa kutoka pwani, anasuka, na hulalamika kwamba nazi za sokoni kwetu hazina tui. Jumapili iliyopita mvuvi yule alipiga simu kusema kwamba mkwezi ameangua, na hesabu imekuwa nzuri. Bibi akaitwaa simu mkononi mwa Baba, akauliza za mti upi.